Daktari Alexander Duane na Jicho Lisilogeuka

Ukurasa huu wa maisha ya watu mashuhuri umezoea washairi, wapigania uhuru na wafalme. Safari hii mhariri ameniachia kalamu, nami nimeamua kuwaletea daktari wa macho wa Marekani aliyefariki mwaka wa 1926. Najua wapo watakaoguna. Daktari wa macho anatafuta nini katika jarida la Kiswahili? Naomba subira kidogo tu. Mtu huyu alitunga kamusi, akafasiri kitabu kinene kutoka lugha ya kigeni, na maisha yake yote alikuwa akitafuta jina linalofaa kwa kila alichokiona. Kama huyo si mwenzetu wa chama, basi sijui mwenzetu ni nani.

Jina lake ni Alexander Duane, nalo hutamkwa Dwein. Katika kliniki za macho kote duniani hutajwa hata na watu ambao hawajawahi kujiuliza alikuwa nani. Linatajwa kwa sababu ya kasoro moja ya kuzaliwa nayo ambayo hulifanya jicho lishindwe kugeuka upande fulani. Si kasoro ya kawaida. Katika watu elfu moja, huenda ukampata mmoja tu. Lakini mmoja katika elfu maana yake ni kwamba katika shule kubwa, au katika soko letu la Ikonge siku ya soko, huenda yupo.

Mimi nililisikia jina hilo kwa sababu ya kijana mmoja wa hapa shuleni ambaye kwao na kwetu ni jirani. Tangu utotoni, kijana huyu akitazama ubao uso wake huelekea kushoto. Nyumbani walidhani ni mazoea mabaya, wakawa wanamgeuza kichwa kwa mkono, nacho kinarudi pale pale. Alipokuwa shule ya msingi, shule ambayo sitaitaja, msimamizi wa mtihani wa majaribio alimwona ameelekeza uso kwa jirani yake wa kushoto, akaamua kwamba anaiba majibu. Karatasi ikachukuliwa. Mtoto akajitetea wee, lakini nani wa kumsikiliza? Uso wake wenyewe ulikuwa shahidi wa upande wa mashtaka. Pale kijijini nako wengine walisema ana dharau, eti hapendi kumtazama mtu ana kwa ana. Wengine wakasema jicho limerogwa. Miaka ikapita. Siku moja mama yake akafunga safari naye hadi kwa daktari wa macho. Daktari akamwambia afuate ncha ya kalamu, kushoto, kulia, juu, chini. Hata dakika kumi hazikuisha, akaandika maneno machache kwenye karatasi, na mojawapo lilikuwa Duane.

Dakika kumi, baada ya miaka yote ile! Ndipo nikataka kumjua huyu Duane aliyemwachia daktari wa Kenya njia fupi namna hiyo.

Kabla sijaingia katika maisha yake, hebu tuelewane kwanza kuhusu jicho lenyewe. Kila jicho lina misuli sita ya kulizungusha. Kwa habari yetu ya leo tunahitaji miwili tu. Mmoja uko upande wa sikio, nao hulivuta jicho kwenda nje. Wa pili uko upande wa pua, nao hulivuta kwenda ndani. Ule wa upande wa sikio hupokea amri kutoka ubongoni kupitia neva inayoitwa ya sita, kwa kuwa madaktari wamezipa namba neva kumi na mbili zitokazo kichwani. Ule wa upande wa pua hupokea amri kupitia neva ya tatu. Ukitazama kushoto, jicho la kushoto linakwenda upande wa sikio na la kulia linakwenda upande wa pua, yote mawili kwa pamoja kama ng'ombe wawili wa plau. Msuli mmoja ukivuta, mwenzake hulegea. Mambo yakienda hivyo, hakuna anayefikiria macho yake yanageukaje.

Kwa yule kijana, jicho la kushoto haliendi kushoto. Likifika katikati linakwama. Akilipeleka upande wa pua, jambo jingine la ajabu hutokea: jicho hurudi nyuma kidogo ndani ya tundu lake, na kope zikajifinya kama za mtu aliyepigwa na jua. Akiweka uso kushoto, macho yake yote mawili hutazama kidogo upande wa kulia, na huko jicho lake halina ugomvi. Anaona kitu kimoja badala ya viwili. Kwa hiyo kichwa kile kilichogeuka hakikuwa dharau wala wizi wa mtihani. Ilikuwa ni akili ya mwili, na mwenyewe hakujua hata kwamba anafanya hivyo.

Sasa twende kwa Duane. Alizaliwa tarehe 1 Septemba 1858 katika mji mdogo wa Malone, kaskazini mwa jimbo la New York, karibu na mpaka wa Kanada. Alitoka katika ukoo wenye jina. Babu wa baba yake, James Duane, alikuwa meya wa jiji la New York mara tu baada ya Marekani kujinyakulia uhuru. Baba yake, James Chatham Duane, alikuwa mhandisi wa jeshi. Mwaka ule ule aliozaliwa Alexander, baba aliongoza kikosi cha wahandisi kwa miguu maili 1,100 kuelekea Utah. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe alijenga daraja la kuelea juu ya mto Chickahominy, mwaka wa 1862, lenye urefu wa futi 2,000, na baadaye akawa mhandisi mkuu wa jeshi kubwa la upande wa kaskazini. Vita vilipokwisha alishughulikia minara ya taa ya pwani. Huko alifanya majaribio ya ving'ora vya kuwaonya mabaharia wakati wa ukungu, akipima sauti inafika umbali gani.

Nimekaa kidogo kwa baba kwa sababu naona mkono wake katika kazi ya mwana. Mtu aliyelelewa na mpimaji huwa hapendi kukisia.

Alexander alisoma katika chuo cha Union, mjini Schenectady, chuo kile kile alichosoma baba yake, akamaliza mwaka wa 1878. Akaenda kusomea udaktari jijini New York na kufuzu mwaka wa 1881. Baadaye akawa chini ya Herman Knapp, daktari wa macho mwenye asili ya Ujerumani ambaye alikuwa ameanzisha hospitali ya macho na masikio jijini humo. Isipokuwa kwa muda mfupi aliofanya kazi Virginia, New York ndiko alikomalizia maisha yake ya kazi, na hospitali ya Knapp ikawa kama nyumbani kwake.

Hapa ndipo Chama cha Kiswahili kinapoingia, kwa hiyo wale mliokuwa mmeanza kusinzia, amkeni. Mwaka wa 1893 Duane alichapisha kamusi ya maneno ya udaktari kwa ajili ya wanafunzi. Kamusi hiyo iliendelea kurekebishwa na kuchapishwa tena kwa miaka mingi. Wenzangu tuliowahi kupewa na mwalimu kazi ya kueleza maana ya maneno ishirini tu tunajua jasho lake. Huwezi kueleza neno kama hujui mpaka wake uko wapi: linaanzia hapa, linaishia pale, na baada ya hapo ni neno jingine. Wakati huo huo alikuwa akifasiri kutoka Kijerumani kitabu cha magonjwa ya macho cha Ernst Fuchs, profesa wa Vienna. Tafsiri ya kwanza ilitoka mwaka wa 1892. Fuchs alipokirekebisha kitabu chake, Duane naye aliifuata kazi hiyo, akiongeza sura na maelezo yake mwenyewe, hata toleo la nane lilipotoka mwaka wa 1924 lilikuwa limenenepa na kuwa kazi ya watu wawili. Madaktari wengi wa macho waliosoma kwa Kiingereza wakati huo walimsoma Fuchs kwa sauti ya Duane. Mfasiri ana bahati yake. Watu hula chakula wakamsifu mkulima, na aliyepika hakumbukwi. Duane alipika miaka thelathini na zaidi.

Ni mtu wa namna hiyo, mwenye kamusi kichwani, aliyeyageukia makengeza. Sisi katika Kiswahili tuna neno hilo moja, makengeza, nalo linabeba kila kitu: jicho liingialo ndani, litokalo nje, lipandalo juu, la mtoto, la mzee, la kuzaliwa nalo na lililoletwa na maradhi. Wazungu wa wakati wake nao hawakuwa mbali sana na sisi. Walikuwa na majina mengi, lakini mengi yalieleza jicho limekaa upande gani tu. Mwaka wa 1896 Duane aliandika kazi ndefu ya kupanga upya kasoro zote za mwendo wa macho. Alisema, kwa maneno yangu mimi, kwamba haitoshi kuuliza jicho limeelekea wapi. Uliza ni kazi gani ya jicho iliyozidi au iliyopungua. Macho hufanya kazi ya kukutana tunapotazama kitu cha karibu, kama kitabu. Hufanya kazi ya kuachana tunapotazama cha mbali, kama mti ulio kwenye kilima cha ng'ambo. Basi kuna mtu ambaye kukutana kwake kumezidi, na mwingine kumepungua. Kuna ambaye kuachana kwake kumezidi, na mwingine kumepungua.

Unayajuaje hayo? Kwa kupima mara mbili, kwa mbali na kwa karibu. Mpe mtu kitu cha kutazama, mfunike jicho moja, lifunue, tazama linasogea kiasi gani. Kisha rudia kwa umbali mwingine. Watoto wawili wenye jicho linaloingia ndani wanaweza kuonekana sawa kabisa mbele ya macho ya jirani, kumbe mmoja kasoro yake ni kubwa anaposoma na wa pili ni kubwa anapotazama mbali. Dawa ya huyu si dawa ya yule. Wale ambao kwao wanalima majani chai wataelewa haraka. Karani wa kituo cha kununulia majani hatazami rangi ya kikapu. Anachambua majani, mawili na chipukizi huku, yaliyokomaa kule. Kwa mtu apitaye barabarani yote ni majani ya kijani. Mpango ule wa Duane, pamoja na maboresho ya waliomfuata, bado unafundishwa katika vyuo vya macho.

Tufike sasa mwaka wa 1905, mwaka uliolifanya jina lake lidumu. Kasoro ya yule kijana wetu ilikuwa imekwisha kuonekana kabla yake. Jakob Stilling, profesa wa Strasbourg, aliieleza mwaka wa 1887. Siegmund Türk aliieleza tena mwaka wa 1896. Wengine nao walikuwa wametaja mgonjwa mmoja hapa, mwingine pale. Lakini visa vilikuwa vimetawanyika katika majarida ya lugha mbalimbali kama kuku waliofunguliwa asubuhi. Duane, ambaye Kijerumani alikuwa akikila kila siku na Fuchs, akavikusanya, akaongeza vya wagonjwa wake, vikafika visa 54. Akavipanga. Kisha akaandika makala ambayo kichwa chake pekee kingejaza mistari miwili ya jarida hili, maana alikitaja kila kitu humo: upungufu wa kuzaliwa nao wa jicho kwenda upande wa sikio, udhaifu wa kwenda upande wa pua, kurudi nyuma ndani ya tundu, kope kujifinya, na jicho kupanda au kushuka kwa mshazari. Mwalimu wetu wa Insha angempunguzia alama kwa kichwa kama hicho. Mimi nampa zote, kwa kuwa anayekisoma kichwa kile tayari anaweza kumtambua mgonjwa.

Tazameni uzito wa lile neno la kwanza, kuzaliwa nao. Kabla ya hapo, daktari akiona jicho lisiloenda upande wa sikio, jambo la kwanza lililomjia lilikuwa kupooza kwa neva ya sita. Na kupooza huko, kukitokea ghafla, si jambo la mchezo. Kunaweza kusababishwa na uvimbe kichwani, ajali, au ugonjwa wa utando wa ubongo. Mgonjwa wa namna hiyo huona vitu viwili viwili, na anahitaji hospitali upesi. Lakini mtu wa Duane alizaliwa hivyo. Mara nyingi haoni viwili anapotazama mbele, na kasoro yake haizidi mwaka hadi mwaka. Tofauti nyingine ni ile ya jicho kurudi nyuma na kope kujifinya, ambayo kwa aliyepooza haipo. Visa vile 54 vikilinganishwa kimoja kimoja, mpaka kati ya vitu hivi viwili ulichorwa. Upande mmoja wa mpaka mgonjwa huenda akahitaji kuokolewa maisha. Upande wa pili anahitaji kuambiwa tu kwamba hana ugonjwa unaokua, na kwamba watu waache kumgeuza kichwa kwa nguvu.

Visa vile vingi pia vilionyesha mambo ambayo kisa kimoja hakiwezi kuonyesha. Jicho la kushoto huathirika mara nyingi zaidi kuliko la kulia. Wanawake ni wengi kidogo kuliko wanaume. Wengine wana kasoro hii macho yote mawili, ingawa hao ni wachache. Haya yamethibitishwa na waliohesabu baada yake, kwa idadi kubwa zaidi.

Kitu ambacho Duane hakuweza kukijua ni chanzo. Madaktari wengi wa enzi zake walidhani msuli wa upande wa sikio umekauka ukawa kama kamba isiyonyumbulika, na kwa hiyo jicho likivutwa upande wa pua kamba ile hulizuia, nalo likarudi nyuma. Ni wazo zuri, tena linaeleza mengi. Lakini wakati huo hakukuwa na chombo cha kulipima. Nitarudi hapo.

Msidhani alikuwa mtu wa kujifungia chumbani na vitabu. Alipenda sana ishara za mabaharia, za bendera na za taa. Vita vya Marekani na Uhispania vilipozuka mwaka wa 1898, aliacha kliniki akaingia jeshi la majini na kufanya kazi ya ishara. Vita vya Kwanza vya Dunia vilimkuta akikaribia miaka sitini, na bado akatoa mchango wake katika mambo hayo hayo. Ukifikiria, ishara ni kamusi nyingine. Makanga wa matatu za hapa kwetu akipiga bodi mara moja dereva anasimama, akipiga mara mbili gari linaondoka, na wakichanganya hesabu abiria anashukia mtoni. Baharini wakichanganya, meli inagonga mwamba.

Kazi yake nyingine kubwa ilihusu kitu ambacho kila mmoja wetu atakipitia akijaliwa umri. Mmewaona wazee wakipokea barua au simu, wakainyoosha mbali mkono ukiishia, kisha wakamwita mjukuu awasomee? Duane alitaka kujua uwezo wa jicho kusoma karibu hupungua kwa kiasi gani kila umri. Alichukua kadi yenye mstari mwembamba sana, akaisogeza karibu na jicho polepole mpaka mtu aseme mstari umefifia, akapima umbali. Akarudia kwa maelfu ya macho, ya watoto, vijana na wazee, mwaka baada ya mwaka. Matokeo aliyatoa mwaka wa 1912 na kuyaongeza mwaka wa 1922. Yalionyesha kwamba uwezo huo huanza kushuka tangu utotoni, kinyume na wanavyodhani wengi kwamba uzee hubisha hodi siku moja tu ukifika miaka arobaini. Tofauti ni kwamba mtoto ana akiba kubwa, kwa hiyo hasikii upungufu. Haba na haba hujaza kibaba, lakini pia haba na haba hukimaliza. Majedwali yake yametumiwa na wapima miwani kwa karibu miaka mia moja.

Alexander Duane alifariki tarehe 10 Juni 1926, akiwa na umri wa miaka 67.

Habari ya jicho lisilogeuka haikufa naye. Katika miaka ya 1950 madaktari walianza kuchoma sindano nyembamba sana katika misuli ya macho na kusoma umeme wake. Wakashangaa. Msuli wa upande wa sikio, uliodhaniwa kuwa kamba kavu, ulikuwa hai. Ila ulifanya kazi wakati usiofaa. Jicho likiamriwa kwenda upande wa sikio, msuli ulikaa kimya. Jicho likiamriwa kwenda upande wa pua, msuli ule nao ukaamka na kuvuta, ukishindana na mwenzake. Watu wawili wakivuta kamba ya ndama, mmoja huku na mmoja kule, ndama haendi huku wala kule. Jicho nalo, likivutwa na pande zote mbili, hurudi nyuma ndani ya tundu.

Mwaka wa 1974, Alfred Huber wa Zürich akautumia umeme huo kupanga kasoro hii katika aina tatu, na mpango wake ndio unaotumika zaidi hadi leo. Katika aina ya kwanza jicho hushindwa kwenda upande wa sikio. Hii ndiyo ya watu wengi sana, na ndiyo ya kijana wetu. Katika aina ya pili jicho hushindwa kwenda upande wa pua, nayo ni adimu kuliko zote. Katika ya tatu hushindwa pande zote mbili. Jicho kurudi nyuma linapojaribu kwenda upande wa pua ni alama inayoziunganisha zote.

Jibu la mwisho kuhusu chanzo lilipatikana kwa kuwachunguza watu waliokuwa na kasoro hii baada ya kufariki kwao. Mwaka wa 1982 ilitangazwa habari ya mmoja ambaye neva ya sita ya upande ulioathirika haikuwepo kabisa. Haikufa, haikukatika, haikuota. Badala yake, tawi la neva ya tatu lilikuwa limepotea njia likaingia katika msuli wa upande wa sikio. Ni sawa na fundi wa stima aliyekosa waya wa chumba cha pili, akaunganisha taa zote mbili kwenye swichi moja. Ukiwasha hii zinawaka zote. Ukibonyeza ile nyingine, giza.

Hitilafu hiyo hutokea mapema sana, mimba ikiwa na wiki chache tu. Ushahidi mmoja ulitoka katika balaa. Mwishoni mwa miaka ya 1950, akina mama wajawazito katika nchi nyingi walipewa dawa iitwayo thalidomide, na watoto wengi wakazaliwa na mikono au miguu isiyokamilika. Wakubwa walionusurika walipochunguzwa nchini Uswidi, baadhi yao walikutwa na kasoro ya Duane. Kwa kuwa tarehe za kumeza dawa zilijulikana kwa wengine, iliwezekana kukisia ni wiki ipi neva ile huota au kukosa kuota. Wagonjwa wengi, hata hivyo, hawana dawa wala ajali ya kulaumiwa, na kwao hakuna mwingine mwenye kasoro hiyo. Karibu mmoja kati ya kumi huwa na ndugu aliye nayo. Mwaka wa 2008 watafiti waliochunguza koo za namna hiyo waligundua jeni moja inayohusika, iitwayo CHN1, ambayo kazi yake ni kusaidia kuiongoza neva inapotafuta msuli wake.

Tangu mwaka wa 2002 madaktari wameiweka kasoro hii katika ukoo mpya pamoja na nyingine zinazotokana na neva za kichwa kutounganishwa sawasawa tangu tumboni. Neva iliyokosekana hairudishwi. Mwenye kichwa kilichogeuka sana, au jicho lililokaa vibaya anapotazama mbele, anaweza kufanyiwa upasuaji wa kusogeza misuli, na uso wake ukanyooka, ingawa jicho bado halitageuka kama la wengine. Wengi hawahitaji kisu. Mtoto huhitaji kupimwa miwani na kuangaliwa lile jicho lisije likazembea kuona, kisha akae mahali pa darasa ambapo ubao hauko upande wa jicho lake bovu.

Katika vitabu vya Ujerumani na nchi jirani mtaona Stilling na Türk wametajwa kwanza, na Duane akaja wa tatu: Stilling-Türk-Duane. Mkikutana na jina hilo refu, ni kasoro ile ile.